Mikono ya Tumbaku

Makoye alivunja vichwa vya alizeti za kikundi asubuhi ile ile wakaguzi wa ruzuku wakiwa njiani, na hakuna aliyemtuma.

Ilikuwa hivi. Tangu kule Urambo, na baadaye alipohamia na ng'ombe wake hili bonde la kuelekea Galula, Makoye alikuwa mtu wa tumbaku. Na tumbaku ikitaka kuchanua unaivunja kichwa, nguvu yote irudi kwenye majani. Usipovunja, utavuna karatasi. Sasa mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu hajaota ndevu haangalii tena mkono wake unafanya nini. Mdomo unapiga soga, mkono unavunja.

Serikali ilipoleta ruzuku kwa vijiji vya tumbaku, waliokubali kuiacha walipewa mbegu za alizeti na mbolea, wakaahidiwa na mashine ya kukamulia mafuta. Masharti yalikuwa mawili: shamba la kikundi lipendeze, na asionekane mwanachama yeyote anayelima tumbaku kwa mlango wa nyuma. Makoye aliingia wa mwisho. Alikuwa amechoka kufuata mbali kuni za kukaushia tumbaku, na kifua cha mkewe Nyanzobe kilikuwa hakipendi tena vumbi la yale majani. Lakini alipoingia, aliingia kweli. Mashine ile aliitaka kuliko waliomtangulia. Kila akipata msikilizaji alimweleza jinsi mashudu, yale makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yatakavyowanenepesha ng'ombe.

Asubuhi hiyo yeye na Nyanzobe walikwenda kung'oa magugu ya mwisho, kila mtu na mstari wake. Alizeti zilikuwa zimefunga vichwa, bado vichanga, vya kijani. Makoye akaanzisha kisa cha mnunuzi mmoja wa Urambo aliyeingia kwenye bani, yaani ile nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku kwa moto, akatafuta jani bovu kwa ubishi mpaka akatolewa amebebwa, anaomba maji. Nyanzobe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Wakafika mwisho wa shamba, wakamaliza mistari mingine wakirudi, wakageuka kutazama kazi yao.

"Mayu wee!" Nyanzobe akashika mdomo.

Vichwa vilikuwa vimelala chini kama vifaranga walionyeshewa.

"Makoye, umefanya nini?"

"Mimi? Na ule mstari wa pale ni wa nani?"

Nyanzobe akatazama viganja vyake. Vilikuwa vinanata utomvu.

"Ni wewe na visa vyako."

"Kisa kilikuwa changu. Mikono ni yako."

Hawajamaliza kubishana, Fides akatokea. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi, Mnyiha wa Itaka aliyeolewa huku, mama asiyejua kusema polepole. Alisimama, akahesabu uharibifu kwa macho, akafunga kanga upya kiunoni.

"Baba Makene," akasema, maana ndivyo walivyomwita, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Mmerogwa, au mmelewa?"

Makoye akamweleza. Fides hakucheka.

"Sikilizeni. Wakija tunasema ng'ombe wameingia. Nani atashangaa?"

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa kupita tu. Ng'ombe hawana jina."

"Mwenyekiti, tangu nifike hapa kila shamba likiguswa ni ng'ombe wa Msukuma. Hata likiliwa na panzi, ni ng'ombe wa Msukuma. Leo niwasingizie mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu?"

"Basi iage mashine!"

"Halafu ng'ombe gani," Nyanzobe akadakia, "anachuma kichwa anaacha majani? Huyo atakuwa amesomea tumbaku."

Pikipiki zilikuwa zimeshafika barabarani. Akashuka Goodness, afisa kilimo, dada mwembamba wa maneno machache, na nyuma yake mzee Osea wa kamati ya ruzuku, akijipangusa vumbi. Waliamkia, wakaamkiwa, wakaingia shambani. Hawakwenda mbali.

"Nani amevunja hizi?" Goodness akauliza.

Fides akatazama mawinguni. Makoye akajitokeza mbele.

"Ni mimi, mwanangu, na mke wangu. Tulikuwa tunaongea. Mikono ikadhani iko kwenye tumbaku."

Mzee Osea aliangua kicheko, akalazimika kumshika Fides bega asianguke. Goodness alisubiri amalize.

"Baba, mkono haufanyi hivyo kama kweli umeiacha tumbaku. Na tukiwa njiani tumeona moshi kwenye bani pale kilimani. Ni bani la nani?"

Kicheko cha Osea kikakatika.

"Langu," Makoye akajibu.

Fides akakaa chini, palepale kwenye magugu. "Baba Makene, waambie moshi si wa tumbaku."

"Si wa tumbaku."

"Ni wa nini sasa?"

Makoye akakuna shingo. Enzi zake alikuwa akiitwa vijiji vya mbali kuwasha moto wa mabani ya watu, na moto wake haukuunguza jani. Hakutaka kusema hadharani kazi anayoifanya sasa na moto huo.

"Twendeni mkaone," akasema.

Walipanda kilima wote, Fides akiomba Mungu kwa Kinyiha. Njiani Goodness alitupa macho kila upande, akaona mahindi, viazi, na zizi. Makoye akafungua mlango wa bani. Joto likawapokea. Kwenye fito ilikokuwa ikining'inia tumbaku palikuwa na vitanga vya matete, na juu yake viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, vinakauka taratibu.

"Michembe!" Osea akapiga makofi.

"Mvua hizi, jua la kuanikia liko wapi?" Nyanzobe akasema. "Nikamwambia, najua hii ni kazi ya wanawake, lakini moto unaujua, nisaidie. Wanawake wa sokoni Mlowo wanainunua."

Goodness akatafuna kipande. Akatafuna tena, polepole.

"Ina harufu ya tumbaku kwa mbali."

"Tumesiliba kuta upya, mwanangu. Itaisha."

"Isiishe haraka," Osea akasema, akijaza mfuko wa koti. "Mimi niliacha kuvuta, hii inanifaa sana."

Hapo Goodness naye akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Alizunguka nyuma ya bani, akachungulia kila pembe, akarudi.

"Shamba lililobaki ni zima, na tumbaku hakuna. Mashine mtaipata. Ila hawa wawili wasiguse alizeti mpaka zichanue."

"Hilo hata usingesema," Fides akajibu. Akapiga vigelegele mpaka ng'ombe wakainua vichwa zizini, kisha akamgeukia Makoye. "Na wewe, nisikuone shambani kwangu. Kaa na viazi vyako."

"Nitakaa, mwenyekiti."

Lakini hakukaa. Wageni walipoondoka alichukua fimbo yake akashuka njiani, na kila aliyekutana naye alimwambia kwamba mashine inakuja, kabla hata hajaitikiwa salamu. Imepatikana kwa shida gani, hilo aliwaachia wengine wasimulie.