Mawe Kwenye Sufuria

Kioo cha kwanza kilipoingizwa sebuleni na wanaume wanne, binti alijibana kwenye kona akiwa ameukumbatia mto wa kochi. Macho yake hayakuwa kwenye kioo, yalikuwa sakafuni. Tangi la samaki likishajaa, maji, mawe na chuma chake vingekaribia tani mbili. Hilo alilisikia kwa masikio yake kutoka kwa fundi mwenyewe. Tani mbili, ndani ya nyumba, pembeni tu mwa kiti anachosinzia baba yake!

"Sakafu itabeba?" aliuliza.

"Umeshaniuliza," fundi akajibu.

"Nauliza tena."

Fundi wa matangi ya samaki alikuwa mtu wa shingo fupi na mwendo wa taratibu, na kwa sababu hizo mbili watu walimbandika jina la Kasa. Hakukasirika. Alipiga kisigino chini, akasema, "Hii ni zege juu ya ardhi, dada. Chini yake hakuna chumba wala shimo. Ukitaka kuogopa, tafuta kitu kingine."

Masikini, hakujua anazungumza na nani. Binti hakuwa na haja ya kutafuta. Hofu zilimjia zenyewe, zikapanga foleni. Aliogopa nyaya za pampu karibu na maji, mpaka Kasa alipomwonyesha jinsi kila waya unavyoachwa uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone likiufuata lidondoke pale, lisiingie kwenye umeme. Aliogopa gundi ya vioo isije ikaachia. Aliogopa tangi dogo la chini, lile la kuchujia, lisije likafurika siku umeme ukikatika na maji ya juu yakashuka yote. Kasa akazima pampu makusudi. Maji ya majaribio yakateremka, yakasimama chini kidogo ya ukingo. Binti akaitikia kwa kichwa kwamba ameridhika, na moyoni hakuridhika hata chembe.

"Mama Sabuni," baba yake akaita kutoka kitini, akicheka mpaka kifua kikambana, "mwache mwenzio afanye kazi."

Jina hilo alipewa na baba, na lilimkaa. Binti alifanya kazi katika kliniki ya meno, kwenye chumba cha nyuma ambacho wagonjwa hawakioni. Koleo, sindano na vile vioo vidogo vya kuchungulia meno vilimfikia vikiwa na damu na mate, vikaingia kwenye mvuke, vikatoka havina mdudu. Na tangu mama yake alipokufa kwa kidonda cha kisigino, kidonda ambacho kila mtu alisema kitapona chenyewe, hakuamini tena kitu chochote ambacho hakijapita kwenye moto. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja, akayachemsha tena. Mlango wa jikoni wa kutokea uani ulikuwa na komeo moja walipohamia. Yeye aliongeza la pili, halafu la tatu.

Baba alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa mzamiaji. Maisha yake ya kazi aliyamalizia chini ya meli, akikwangua uchafu na kukagua nyufa, na alisifika kwa kukaa chini kwa pumzi moja mpaka wenzake juu wakaanza kumlilia. Mwishowe mapafu hayo hayo yakamsaliti. Daktari hakumung'unya maneno: bahari basi, na kifua hiki kikipata shambulio jingine kubwa, sitakuahidi kitu. Baba akarudi nyumbani, akakaa miezi anatazama ukuta. Chakula anagusa, redio hataki. Kisha siku moja akasema kwamba kama yeye haruhusiwi kwenda kwa bahari, basi bahari ije kwake, akaanza kuchora miamba nyuma ya kurasa za kalenda.

Angefanyaje binti? Mtu aliyekuwa akizimika mbele ya macho yake alikuwa ameanza tena kugombana na watu kuhusu taa na pampu. Akakubali, roho mkononi.

Mawe yalifika Jumamosi mchana. Kasa aliyapata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikivunja tangi lake la mapokezi, akayaleta kwenye ndoo, yamefunikwa kwa magazeti yaliyolowa. Yalikuwa mawe mepesi yenye matundu, ya kujengea mwamba wenyewe. Matatu kati yake yalikuwa yametandwa na vitu vya duara, vya kahawia na kijani, vimebanana juu ya jiwe mithili ya vifungo vya shati vilivyomwagwa.

"Hivi tunaviita vifungo," Kasa akasema. "Ni matumbawe hai, yamejikunja tu kwa sababu ya safari. Yakipata mwanga yanafunguka. Ila hivi, mzee, unajua havitaki mchezo, ukivi..."

"Najua," baba akamkatiza. Binti akaona jicho moja la baba likifumba na kufumbua. Kasa akameza maneno yaliyobaki.

Aliona, lakini hakutilia maanani. Alizoea. Siku zote watu wakikonyezana ndani ya nyumba hiyo, mzaha ulikuwa juu yake.

Kasa akaondoka kwenda kufuata chumvi ya kuchanganyia maji. Baba akapitiwa na usingizi kitini. Binti akabaki na ndoo, na harufu.

Harufu ile! Ilikuwa ya kitu kilichokufa juzi. Aliinua gazeti, akachungulia, na mnyoo mrefu ukatoka kwenye tundu moja, ukanusa hewa, ukarudi ndani. Mambo haya ndiyo yanayokwenda kuwekwa karibu na pua ya mtu mwenye kifua cha kuazima? Yale matatu yenye vifungo ndiyo yaliyomtisha zaidi, maana yalikuwa na ute, na ute yeye aliujua kazini. Ute ni nyumba ya vijidudu. Fundi kasema ni kitu hai, sawa, lakini hata kidonda cha mama kilikuwa na kitu hai ndani yake.

Angemwamsha baba, baba angecheka. Basi hakumwamsha. Atasema vimekufa vyenyewe njiani. Baba atanung'unika siku mbili, kisha atasahau, na atakuwa mzima.

Alivaa glavu, maana hakuwa mjinga. Akafunga dirisha la jikoni ili vumbi lisiingie, akachukua sufuria kubwa la kuchemshia mashuka, akayatumbukiza yale mawe matatu, akawasha gesi. Maji yalipoanza kutokota akahisi, kwa mara ya kwanza tangu tangi liingie nyumbani, kwamba anapumua vizuri. Akainama kidogo kuona kama ute unaachia. Ulikuwa unaachia. Mvuke ukampanda usoni, ukaenea darini, ukapita mlangoni kuelekea sebuleni.

Ladha ndiyo iliyoanza. Ilikuja mdomoni ghafla, chungu, kana kwamba amelamba ufunguo. Akatema kwenye sinki, akasukutua. Haikutoka. Kisha midomo ikaanza kumchoma na kufa ganzi, na kooni kukawa kama kuna pamba. Kutoka sebuleni alisikia baba akikohoa. Kikohozi chake cha kila siku, akajiambia. Akataka kwenda kumtazama na miguu ikakataa. Haikuuma, ilikataa tu. Akajikuta ameketi sakafuni, mgongo kwenye kabati, huku moyo ukimwenda mbio na sufuria likiendelea kuchemka juu ya kichwa chake.

Baba akatokea mlangoni, ameshika fremu.

"Unapika nini humu?"

"Mawe," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Mawe gani?"

"Yale machafu. Yale ya vifungo."

Uso wa baba aliujua katika hali zote. Aliuona siku ya msiba, akauona siku daktari alipomkataza bahari. Lakini hofu hakuwahi kuiona pale, na sasa aliiona, na kuiona kwenye uso ule kulimwogopesha kuliko miguu yake iliyokufa.

Baba alirudi nyuma hatua moja. Akavuta pumzi, ile pumzi ya kazi, ndefu, ya kutoka tumboni, akafunga mdomo, akaingia.

Alizima gesi. Akamshika binti chini ya makwapa, akamburuta kuelekea mlango wa uani, maana ulikuwa karibu, na sebule ilikuwa imeshajaa mvuke. Akafungua komeo la juu. Binti alikuwa amelala miguuni pake, anatazama, hawezi kunyanyua hata mkono. Akafungua komeo la kati. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. La chini lilikuwa jipya, gumu, lile ambalo binti alilipaka mafuta wiki hiyo hiyo kisha akalikaza kwa bisibisi ili mwizi asilitikise. Baba akalivuta. Halikuja. Akalivuta tena, na binti akaona kile ambacho angekiona kila akifumba macho: kile kifua kikitetemeka, kikishindana, na mdomo ukifunguka.

Baba alivuta ule mvuke wote. Kisha komeo likaachia, wakaangukia uani.

Jirani aliwapeleka hospitali kwa gari lake bila kuuliza swali hata moja. Huko maswali yalikuwepo.

"Amekula nini?" daktari akauliza, huku baba akivikwa barakoa ya oksijeni na midomo yake ikibadilika rangi.

"Hajala. Amevuta mvuke."

"Mvuke wa nini?"

"Wa mawe."

Nesi akamtazama kwa huruma, yeye na daktari wakaonekana kukubaliana kwamba huyu naye atafutiwe kitanda. Hapo binti akashikwa na hofu mpya: kwamba baba atakufa kwa sababu hakuna anayemwamini. Kwa vidole visivyotii akampigia Kasa.

"Ulitaka kusema nini kuhusu vile vifungo?" akauliza. "Vimemfanya nini baba?"

"Dada. Usiniambie umevichemsha."

"Nimevichemsha."

"Vina sumu ndani. Na sumu yake moto hauiui, unairusha hewani tu. Mpe daktari simu. Mpe sasa hivi!"

"Mbona hukuniambia?"

"Mzee alinikataza. Alisema ukijua utavitupa, na pengine utatupa na tangi lenyewe."

Akampa daktari simu, akakaa chini. Walimficha kwa kuwa ni mwoga. Naye akawaficha kwa kuwa wangemcheka. Alitaka kulia, lakini kifua chake chenyewe kilikuwa kinawaka, akatundikiwa dripu kwenye kitanda cha pili, pazia likiwa kati yao. Hakukuwa na dawa ya kuiondoa ile sumu, daktari alisema. Kazi ilikuwa kumsaidia mzee kupumua mpaka mwili uishinde wenyewe, kama utaishinda. Homa iliyompanda binti ilishuka kesho yake. Ya baba haikushuka. Binti alikaa kando yake, akihesabu kila pumzi na kuogopa ile inayofuata isije. Miaka yote aliogopa vitu ambavyo havijatokea, na kumbe hakuwa amejifunza lolote la kumsaidia siku kitu kikitokea kweli.

Baba alipona. Tuseme hivyo. Alirudi nyumbani na chupa ya oksijeni, na sauti iliyopungua nusu, na alipotoka chumbani kwenda sebuleni ilimbidi apumzike njiani. Kasa alikuwa ameshaingia na barakoa na glavu, akaondoa sufuria na kila kilichokuwemo, akaosha jikoni kuanzia dari. Tangi alilijaza. Taa ya buluu iliwaka, pampu zikanguruma polepole, na juu ya mwamba matumbawe laini, yasiyo na madhara, yalipepea kwenye mkondo. Vifungo havikuwemo.

"Pazuri," baba akasema alipokaa kitini. Hakumlaumu. Hakutaja makomeo, ambayo kati yake sasa lilibaki moja tu. Hata alimwita Mama Sabuni, na binti akashukuru mpaka machozi yakamlenga.

Alasiri hiyo akamwona baba midomo imemkauka. Akaenda jikoni, akajaza birika, akawasha gesi, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Birika likaanza kuvuma. Mvuke wa kwanza ukachungulia mdomoni mwake.

Akasikia kiti kikiburutwa sebuleni. Alipotoka kutazama, kiti kilikuwa kitupu. Baba alikuwa nje barazani, ameinama, mkono ukutani. Alikuwa ameivuta chupa ya oksijeni mwenyewe hadi huko, na kwa mkono wa pili ameziba pua na mdomo.

"Vipi, baba?"

"Naangalia hali ya hewa tu," akasema, na akajaribu kucheka. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa jikoni. Yalikuwa macho ambayo binti aliyafahamu vizuri, kwa kuwa ni yake mwenyewe, aliyaona kila asubuhi kwenye kioo.

Alirudi ndani, akazima jiko. Akamwaga maji ya birika, akafungua dirisha wazi kabisa. Alisimama mbele ya sinki muda mrefu. Kisha akafungua bomba, akakinga kikombe moja kwa moja, maji mabichi, yale ambayo hakuwahi kumruhusu mtu wa nyumba hiyo kuyagusa. Akatoka nacho barazani, akasimama mbele ya baba yake mahali anapoonekana vizuri, akanywa yeye kwanza nusu nzima, ndipo akampa.