Kilo za Kiwanda Siku ya Mavuno

Miezi minane Nasike, afisa wa mazingira pale Bungoma, alikimbizana na kiwanda cha ngozi cha Kitale. Sheria ilikitaka kiwatangazie watu sumu yote kiliyomwaga mtoni mwaka mzima. Kiwanda kilitangaza, naam: kilibandika karatasi ofisini mwa meneja, nyuma ya mlango, mahali ambapo msomaji pekee alikuwa meneja mwenyewe akiwa amejifungia. Nasike hakucheka. Mto ule uliteremka hadi kijiji cha Matulo, na mama yake, Sellah, alikunywa maji yake kila siku, akishikilia kwamba hayajawahi kumdhuru mtu tangu azaliwe.

Nasike alipotishia kwenda mahakamani, meneja Thuo akalainika ghafla. Tangazo lingesomwa kanisani Matulo, Jumapili, kwa Kiswahili. Nasike alifurahi mno. Mama asiyemsikiliza binti angemsikiliza mzee wa kanisa.

Alichosahau kuuliza ni Jumapili gani. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Mzee Mukhwana alisimama na orodha ya matoleo, akasoma kama asomavyo kila mwaka: Mukhisa, mahindi, kilo tisini, makofi. Joan, maharagwe, kilo ishirini, makofi. Kisha, bila hata kumeza mate, akaishika karatasi iliyofuata.

"Kiwanda cha ngozi cha Kitale. Kromiamu, kilo mia nne na kumi."

Watu wakageukiana. Hakuna aliyewahi kutoa kilo mia nne za kitu chochote.

"Salfaidi, kilo mia tisa."

Makofi yakalipuka hadi mabati yakalia. Thuo, kwenye benchi la nyuma, naye alipiga, kwa unyenyekevu mkubwa. Nasike alisimama akapaza sauti kwamba hiyo ni sumu, lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, na ngoma za kwaya ile hazishindani na mtu. Mzee Mukhwana akamwashiria aketi. Wageni wangesalimia baadaye. Hiyo baadaye haikufika, maana mnada wa kuku ulianza.

Nje, Thuo alimletea fomu. Je, tangazo limesomwa hadharani? Ndiyo. Kwa lugha ya watu wa hapo? Ndiyo. Fomu haikuuliza watu walisikia nini. Nasike akatia sahihi, kwa sababu hapakuwa na neno hata moja la uongo.

Nyumbani, Sellah alimimina chai vikombe viwili, bado ana furaha ya ibada.

"Hao watu wa Kitale wako na roho nzuri, bana. Sasa hizo kilo watatuletea lini?"

Nasike alikitazama kikombe chake.

"Walishaleta, mama. Ziko kwa hii chai."

Sellah alicheka. Kisha akaona machozi ya binti yake, na kikombe alichokuwa amekwisha kukifikisha mdomoni akakirudisha mezani.