Njia Safi Chini ya Jeneza

Mama yangu alikuwa na vita na vumbi. Alifagia mara tatu kwa siku, na mgeni akiaga alifagia mara ya nne, wakati mwingine mgeni mwenyewe hajafika hata getini. Lakini kutupa kitu hakuweza. Vumbi alilifukuza, makorokoro akayalea: mifuko ya mkate, kalenda za miaka iliyokwisha, na makopo ya aiskrimu arobaini na mawili ambayo ukifungua unakuta samaki wakavu au vifungo, aiskrimu kamwe.

Kisha akafa, na nyumba yake ikapigwa marufuku ufagio.

Kwetu Iloilo, maiti ikiwa ndani, hakuna kufagia. Anayefagia anawafungulia wengine njia ya kumfuata marehemu. Mama Mkubwa Pasita, dada yake Mama, alikusanya fagio zote kabla jeneza halijaingia, akazifungia kabatini, ufunguo akautia kifuani. Hata kitambaa cha kupangusia alikikataza. Alitusimulia habari za nyumba moja kule Oton, ambako mkwe mwenye kiherehere alifagia maganda ya karanga, na kabla ya mwaka kwisha wakazikwa watatu. Tulianza kucheka, halafu tukanyamaza mmoja mmoja.

Mazishi yalikuwa yanamngoja mdogo wangu Merlinda, anayefanya kazi Kuwait, ambaye bosi wake hakuwa na haraka na misiba ya watu. Mwili ulikuwa umetiwa dawa usiharibike, basi siku tatu zikawa sita, sita zikawa tisa. Wageni walikunywa kahawa, wakacheza karata, na maganda ya karanga yakabaki pale yalipoanguka. Vumbi la barabarani liliingia likajikalia kama ndugu wa mbali: halikualikwa na halina mpango wa kuondoka. Lilitanda juu ya kioo cha jeneza hadi uso wa Mama ukaonekana wa kijivu. Nilijua kwamba angepewa dakika moja tu, angeinuka apanguse kwanza, ndipo arudi kufa kwa raha zake.

Asubuhi ya siku ya tisa tukaona njia. Ilikuwa na upana wa shubiri mbili, safi kabisa, ikitoka chini ya jeneza hadi kwenye kiti cha Baba karibu na dirisha.

Mama Mkubwa aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kutuhesabu kwa macho. Kabati lilikuwa limefungwa vilevile. Macho yake yakatua kwangu.

"Wewe ndiye mtoto wa mama yako, Ludivina," alisema.

Niliapa kwamba sijagusa kitu. Jikoni mwanangu Jomari akakohoa, na watu wote wakageuka kumtazama, halafu wakajifanya hawakugeuka. Alikuwa anakohoa vumbi tu, lakini niliogopa. Mchana huo huo nilimhamishia kwa jirani.

Siku ya kumi njia ilikuwa imefagiliwa upya. Wajomba wakaanza kuketi nje, na aliyetaka kupita alizunguka kwa nyuma.

Siku ya kumi na moja, saa nane mchana, joto lilikuwa limemlaza kila mtu. Nilirudi kuchukua viatu vya Jomari, nikasikia chelewa zikikwaruza sakafu. Baba alikuwa amepiga magoti chini ya jeneza. Mkononi alishika kile kifagio kidogo ambacho Mama alifagilia madirisha, ambacho hakuna aliyekikumbuka. Vumbi alikuwa akilitia kwenye kopo la aiskrimu.

"Baba, unafanya nini?"

"Nafagia."

"Si unaujua mwiko?"

"Nisingeujua, ningefagia kwa nini?" Alisema kwa upole, bila kuacha kazi. "Usiogope, mwanangu Luding. Njia ya mtoto wako sijaigusa. Hii inakuja kwenye kiti changu, na pale hakai mtu mwingine."

Mzee huyu hakuwahi kushika ufagio maishani mwake.

"Miaka hamsini na mmoja ananiambia inua miguu nifagie," alisema. "Sasa ataniambia nani?"

Nikamnyang'anya kopo, nikalimwaga lile vumbi palepale lilipotoka. Vidonge vyeupe vikadondoka pamoja nalo, vikabingirika kwenye maganda. Vilikuwa vidonge vyake vya presha, nilivyokuwa nampa mwenyewe kila asubuhi pamoja na maji, kisha nageuka kwenda kuchemsha kahawa. Vilikuwa kumi na kimoja. Siku zote hizo mimi nilikuwa naogopa ufagio.

Nilimkalisha kitini. Niliokota kidonge kimoja, nikakipuliza, nikampa.

"Kina vumbi," alisema. "Mama yako asingekubali."

"Meza hivyo hivyo, Baba."

Alimeza, huku analia.

Merlinda alifika kesho yake, tukazika, na Mama Mkubwa akafungua kabati. Tulifagia nyumba nzima hadi jioni.

Huu ni mwaka wa pili. Kila asubuhi nampa Baba kidonge chake, na nasimama mbele yake mpaka nione koo limepanda na kushuka. Ndipo namwambia inua miguu, nafagia. Kile kifagio kidogo cha chelewa, ambacho Baba hasemi alikiweka wapi, nimekitafuta uvunguni, darini na katika makopo yote arobaini na mawili. Sijakiona.