Kichujio kwenye Pindo la Khanga

1.
Kinajifungua chenyewe. Kinageuza kichwa kushoto, kulia, kinalipata Jua, kinatulia nalo mpaka linazama. Hakiulizi mtu.

Gervas, mume wangu, hajui hata jino langu linaniuma upande gani.

2.
TANGAZO
Wazazi na wanafunzi mnakaribishwa Jumamosi nyumbani kwa Mwalimu Gervas kutazama madoa ya Jua kwa darubini ndogo inayojiendesha. Kamera hupiga picha. Kitundu cha pembeni ni cha macho ya watu. Mgeni rasmi: Dkt. Nasra, aliyetuazima kifaa.
NI MARUFUKU kutazama bila kichujio. Jicho likiungua haliponi.

3.
Rudia kusoma jina la mgeni rasmi.

Yeye na Gervas walisoma chuo pamoja. Darubini imekaa uani kwangu wiki mbili, sijaambiwa hata "njoo uchungulie." Yeye anatumiwa picha kila siku, tena kabla ya chai.

Ndiyo, naona wivu. Ulitaka nikudanganye?

4.
Gervas anavyokitunza:
    anakifuta kwa kitambaa laini
    anakifunika upepo ukianza
    anakiuliza, "Umechoka?"

Kinaulizwa. Chuma.

5.
Jikoni, siku yenyewe. Jirani yangu Mama Pili, akipakua pilau:
"Shoga, mbona hukuniambia dokta ni mzuri hivyo?"
"Peleka sahani."
"Haya, napeleka. Lakini mimi nisingemkaribisha hata barazani."

6.
Wako ndani wanakula. Uani tupo wawili, mimi na kifaa.

Kichujio ni kifuniko cheusi mbele ya kioo, upana wa kisosi. Kinatoka kirahisi kama kifuniko cha sufuria. Nikakitia kwenye pindo la khanga, nikakaza fundo mara mbili.

Kiungue.

Kifaa tu. Nilitaka kiungue kifaa tu.

Tu.

7.
UJUMBE WA KIFAA (simu ya Gervas, inachajiwa jikoni)
Picha nyeupe. Kagua kichujio.
Picha nyeupe. Kagua kichujio.
Picha nyeu

Nikailaza simu kifudifudi.

9.
(Ya nane sikuiwahi. Walikuwa wameshatoka nje.)

"Haya, nani aanze?" Gervas akauliza.

"Aanze shemeji Tunu," akasema Nasra. "Mwalimu ananiambia kila siku unachungulia dirishani, na yeye anaona haya kukuita. Eti utamcheka. Nikamwambia basi Jumamosi nitamwita mimi."

Gervas akatazama viatu vyake. Anaona haya! Mwanamume niliyemzalia watoto watatu!

Watu wakapiga makofi. Vidole vyangu vikakimbilia kwenye fundo.

Likagoma.

"Usiogope, shemeji." Nasra alikuwa anavua miwani yake. "Ngoja nikuwekee sawa kwanza."

Akainama.

10.
Tangu aingie nyumbani kwangu sijamwita kwa jina. Nilikuwa nasema "mgeni." Nilikuwa nasema "huyo."

Nafungua mdomo.



                    Nas