Shati Halikuwa na Kosa

Fundi cherehani akimwona mtu anahema, hufikiri nguo imembana. Ndio ugonjwa wetu mafundi. Mume wangu alipoanza kutweta kwenye ngazi za nyumbani, nililaumu shati. Nikafumua ubavuni, nikaongeza kipande. Baadaye nikaongeza kingine. Shemeji zangu walipomwita Bonge, niliwajibu kwamba kanenepa kwa kutunzwa, wenye wake wavivu wanyamaze. Mdomo sikunyimwa.

Zamani alipanda ngazi akipiga mluzi, nami nikajua ni wakati wa kumimina chai. Siku hizi akifika hushika mlango kwanza, salamu baadaye.

"Hii kola bado inanikaba," aliniambia mchana mmoja dukani kwangu.

"Kola hiyo inaingia ngumi, baba watoto. Simama nikupime upya."

Nikamzungushia futi kifuani. "Vuta pumzi." Kila mteja namwambia hivyo, maana kifua kikijaa hewa futi huniteleza vidoleni, na nafasi hiyo lazima niiache kwenye nguo.

"Vuta basi!"

"Si nimeshavuta?"

Futi haikusogea. Nilidhani ananitania, kumbe jasho lilikuwa linamtiririka.

Akaketi kwenye kiti cha wateja, usingizi ukamchukua palepale, akaanza kukoroma. Nikarudi kushona. Mara mkoromo ukakatika. Nikasimamisha mguu, cherehani ikanyamaza, nikasubiri. Kimya. Sijawahi kuogopa vile. Nilikuwa nimeshainuka aliposhtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilikuwa namfichia kwa sindano na uzi. Kesho yake nikafunga duka, tukaenda hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, hakumcheka. Alieleza kwamba mafuta ya tumboni yanasukuma juu, ya kifuani yanalemea mbavu, na mapafu hayapati pa kutanukia. Akilala, koo nalo linaziba. Akampangia kipimo cha usingizi na kumtaka apunguze uzito, polepole. Kisha akaiona futi niliyoisahau shingoni.

"Fundi," akasema, "shati halina kosa."

Mume wangu akatembea jioni chache, akachoka. Siku moja akaja dukani na shati begani.

"Niongezee kidogo tu kwapani."

"Sina kitambaa."

"Duka zima hili?"

"Cha shati ninacho. Cha mapafu sina." Nikajifanya natunga uzi. "Na mimi kulala peke yangu sijui."

Alilikunja shati, akaliweka juu ya cherehani, akatoka akielekea barabarani. Nilimfuata bila hata kufunga mlango. Kwenye kona akashika ukuta, nami nikasimama naye. Alipopata pumzi akajaribu kupiga mluzi.

Ulitoka upepo mtupu. Tukacheka, tukaendelea kutembea.