Apdeti za Shemeji

Kirusi kiliingia kwenye kompyuta ya chama cha wakulima wa kahawa huko Mbuba, kikafunga kumbukumbu za msimu mzima, na wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa karani, Uwase. Aliyemnyooshea ni Clever, fundi wa kompyuta, mume wa dada yake. Mbele ya mwenyekiti alisema bila kupepesa macho, "Mimi apdeti za kuzuia virusi naweka kila mwezi. Muulizeni shemeji zile flash za kwaya anazochomeka humo."

Kikulacho ki nguoni mwako. Uwase ndiye aliyembembeleza mwenyekiti ampe Clever kazi hiyo. Ndiye aliyempikia ndizi kila alipokuja kutoka Kabanga, kisha akamkabidhi modemu yenye kifurushi cha chama akapakulie apdeti kwake, maana mtandao wa Mbuba ni wa kubahatisha.

Mwenyekiti alimpa mpaka mchana ajitetee. Akishindwa, kazi basi.

Kompyuta ilikuwa bado inawaka. Uwase alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaendesha skripti fupi aliyofundishwa kwenye kozi Ngara mjini, inayotaja apdeti zilizowekwa na tarehe zake. Majibu yalikuwa machache. Apdeti ya mwisho iliwekwa kabla Clever hajaanza kazi. Akaendesha tena, akidhani amekosea kuandika. Yakaja yale yale.

Alikasirika, lakini zaidi alimwonea dada yake huruma. Maskini, hajui ameolewa na mtu wa namna gani! Akampigia.

"Dada Consolatha, sijui nianzeje. Shemeji ametudanganya. Hajaweka apdeti hata moja. Kifurushi cha chama sijui alikuwa anakipeleka wapi."

Consolatha akajibu, "Tulikuwa tunaangalia tamthilia. Mimi na watoto."

"Ulijua?"

"Kubali tu kosa, mdogo wangu. Wewe huna watoto wa kulisha. Hata zile flash, mimi ndiye niliyemwambia azitaje."

Machozi yalimtoka Uwase. Uongo wa Clever angeumeza. Huu usaliti wa dada yake hakuweza.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwenyekiti, mzee Sindayigaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Haya, una la kusema?"

Uwase aliweka simu mezani bila kuikata, akamgeuzia mzee skrini.

"Ninalo, mzee. Karibu ukae nikuoneshe. Dada yangu naye yupo hapa, anasikia."