Kitufe cha Kuongeza Mwanga

...mistari michache tu, anasema, kana kwamba uongo hupimwa kwa urefu, mistari michache, Mwau, bonyeza Enter twende tukule, na amesimama nyuma ya kiti changu akinipumulia harufu ya chapati na maharagwe ya madondo shingoni, Kyengo huyu tuliyeanza naye hapa juu ya agrovet, duka la mbegu na dawa za mifugo, Thika, tukiwa na meza moja na ekstensheni ya kuazima, siku hizi ana kadi zenye jina lake, mimi sina kadi, mimi ni mtu wa draiva, ile programu ndogo isiyoonekana inayokaa kati ya kitufe cha ubavuni mwa tableti na taa iliyo nyuma ya skrini, mtu akibonyeza juu mwanga uongezeke, akibonyeza chini upungue, basi, hakuna siasa hapo, na hakuna mwalimu aliyenionyesha, nilijifunza kwa kufungua simu zilizokufa kwangu mtaani Kimbo, mke wangu Selpha akilalamika kwamba anafagia skrubu kila asubuhi, ndipo nikajua kitufe hurukaruka kikiguswa, mguso mmoja unafika kama mitatu, ikabidi niifunze draiva ingoje kitulie kwanza ndipo iamini, nikajua pia jicho halipimi mwanga kama rula, kila hatua ya mwanga niliipanga kwa macho yangu haya mpaka yakatoa machozi, na sasa huyu anataka taa ikishawaka kidogo ishuke yenyewe hadi nusu, kimyakimya, ule mstari wa mwanga kwenye skrini ubaki umejaa, na mwenye tableti akibonyeza juu draiva imeze mguso wake, ikae kama haijasikia, kwa sababu betri haifiki jioni na wateja wameahidiwa jioni, nani aliwaahidi, si mimi, mimi nilisema tuweke betri kubwa akasema itakuwa nzito, "Mteja anaona mstari umejaa, ameridhika," anasema, "hata simu yako hufanya hivyo," haifanyi hivyo, simu yangu ikipunguza mwanga inaniambia, kidole changu kiko juu ya Enter hakishuki wala hakiondoki na damu inanipanda masikioni, nitamrushia hiki kiti, nitamwambia maneno ambayo hata fundi wa matairi hajawahi kuyasikia, Selpha husema mimi huwaka kabla ya kiberiti, acha niwake, wateja wako njiani kutoka Ruiru, wakute moshi, hizi tableti zinafungwa kwenye mizani ya kununulia avokado, nje, jua la saa saba, na sisi tumezijaribu humu ndani pazia limefungwa kama watu wanaoumwa na kichwa, nani amewahi kununua avokado gizani, "Mwau," anasema, sauti ameilainisha, "si tumetoka mbali, wewe unaniamini ama huniamini?" na hapo... hapo nikasikia sauti nyingine kabisa, karani mmoja kule Murera msimu uliopita, mwenye kofia, akimuuliza mama yangu maneno hayo hayo, mama, unaniamini ama huniamini, kwa sababu mwaitu, mama yangu huyo, alikuwa amefika mbele ya foleni na magunia yake ya avokado, karani akasoma kilo kwenye skrini ya mizani akaanza kuandika, mama akainama kuangalia akaona uso wake tu, jua limeosha kila kitu, mama barua hasomi lakini nambari anazijua kuliko karani, akavua leso mabegani, akajifunika kichwa pamoja na mizani yote, akawa humo ndani kama mtu anayejifukiza mafua, watu wakacheka, hata mimi niliyempeleka na pikipiki nikaona haya, namwambia mama toka, watu wanangoja, naye akajibu kutoka huko ndani, sauti yake imezibwa na kitambaa, "Namwamini sana kijana wa wenyewe, lakini wacha nione," na hakutoka, na hakupandisha sauti, mimi ndiye niliyekuwa nikifoka, foleni ikanung'unika, karani akageuza kofia, akageuza tena, mwisho akainama na yeye akaingia kichwa chini ya leso, wakasoma pamoja, na kilo alizoandika upya hazikuwa zile za kwanza... "Calvince, sasa wewe unaonaje?" anasema Kyengo, na Calvince anacheka kidogo, yuko pale kwenye stuli karibu na mlango tangu asubuhi, Calvince wa Gitothua, draiva anaziandika vizuri tu, alinisalimia niaje bila kuniangalia, Kyengo alisema amekuja kutusalimia, nani hutoka Gitothua kuja kusalimia watu na leptopu, na begi lake halijafunguliwa, linangoja, linangoja nini... ah... linangoja mimi nisimame, Kyengo ananijua, tangu asubuhi ananichokoza, mistari michache, mteja hajui, anajua nikiwaka huwa napiga mlango na kwenda, na nikienda kiti kitabaki na moto wangu, Calvince atafungua zipu, atakaa, kidole chake kitashuka, na leso ya mama itafunika skrini isiyo na kitu cha kusoma, na nitakuwa Kimbo nikimweleza Selpha vile nilivyomwambia Kyengo ukweli, nimeshinda, nimeshinda nini... kwa hiyo hasira yangu yote amekwisha kuipangia kazi, huyu mjanja, ameniwekea kitufe na mimi... pumua, Mwau, ngoja kitulie kwanza, "Bro, bonyeza basi," anasema, chapati na madondo shingoni, feni inazunguka, kidole kiko palepale, sijawahi kuwa na hasira namna hii na mikono yangu, ajabu, ni nzito tu, imekaa kama gunia, wateja wakifika nitafungua pazia, nitawapa tableti tutoke nao hadi huko nje juani, wabonyeze wenyewe, betri itaisha ikiisha waione ikiisha, nakuamini sana, Kyengo, lakini wacha waone, na zipu ya Calvince imelia kidogo ikanyamaza, sibonyezi, na siinuki, leso ya mama iko juu yangu, acha foleni inung'unike.